Kiredio cha kadi kwenye kichwa used cha Ulaya: ni ushahidi au pambo? Kimenigombanisha na dereva

Mwana Chumbageni (mleta uzi) #1
Wakuu habari. Nina kichwa na tela, kichwa nimekinunua used kimetoka Uholanzi. Juu ya kioo kuna kile kiredio chenye vitundu viwili vya kadi, kimeshinda hapo kikipiga kelele tu na mimi sikuwa na habari nacho. Sasa juzi nimebeba simenti mifuko 600 ya kilo 50 kutoka hapa Tanga kwenda Moshi, kufika wamehesabu 588. Mwenye mzigo anakata kwangu. Dereva anaapa hajagusa, alipaki Segera saa nne usiku akalala mpaka alfajiri. Fundi mmoja akaniambia bonyeza hicho kiredio kinatoa karatasi, nikabonyeza kweli ikatoka karatasi ndefu kama risiti. Imeandika 22:12 mpaka 22:51 gari linatembea, kilomita 31. Sasa alilala saa nne gani huyu na gari lilikuwa barabarani mpaka karibu saa tano? Au hii mashine imechoka? Nataka kumfukuza lakini nisije nikamuonea mtoto wa watu.

Ngoja Ngoja #2
Nakaa hapa nisubiri wajuzi.

SukaWaTunduma #3
Matajiri bwana. Dakika hamsini tu umeshaandika uzi. Pengine alitafuta parking Segera pamejaa akasogea mbele. Kwani ulimpa hela ya parking?

Fundi Ngamiani #4
Hiyo inaitwa takografu, inaandika mwendo wa gari na mapumziko ya dereva. Hapa mjini nimeshazing'oa nyingi wateja hawataki kelele, ila ukiing'oa ovyo mshale wa spidi unakufa kwenye gari nyingi maana taarifa ya mwendo inapita humo ndio iende kwenye dashbodi. Mwendo wenyewe inausoma kwenye sensa iliyofungwa giaboksi. Mleta mada, giaboksi ni ile ile iliyokuja nayo? Ukibadilisha giaboksi au difu bila kupima upya, kilomita zake ni za uongo.

Mwana Chumbageni #5
@Fundi Ngamiani giaboksi nilibadilisha mkuu, ile ya kwanza ilikula gia. Umenichanganya zaidi sasa. @SukaWaTunduma hela ya parking alipewa, na ya kula, na ya trafiki.

SukaWaTunduma #6
Hahaha umeandika mwenyewe "na ya trafiki", sijasema mimi.

Mdigo Ughaibuni #7
Salaam ndugu zangu wa Tanga. Mimi naendesha huku Uholanzi na hiyo kitu ndio bosi wangu kuliko bosi mwenyewe, wacha niwaeleze. Kwanza kabisa mleta uzi, karatasi ya takografu haitoi saa ya hapo ulipo. Inatoa UTC, ile saa ya kimataifa ya Greenwich, siku zote, hata ukiirekebisha kioo kisome saa ya kwenu karatasi inabaki UTC. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele masaa matatu. Kwa hiyo 22:12 yako ni saa saba na dakika kumi na mbili usiku, na 22:51 ni saa nane kasoro dakika tisa. Angalia juu ya huo mstari, gari lilisimama saa ngapi kabla ya hapo?

Mwana Chumbageni #8
Juu yake imeandika 19:02 kisha kuna kialama cha kitanda. Mimi nikajua alisimama saa moja jioni akakaa anakunywa kahawa mpaka saa nne. Na safari imeanza 17:20. Hapo ndio nikachanganyikiwa maana geti pasi ya kiwanda inasema ametoka 20:19.

Mdigo Ughaibuni #9
Basi imelala hapo hapo. 17:20 ongeza tatu ni 20:20, dakika moja baada ya geti pasi. Na 19:02 ni 22:02, saa nne na dakika mbili. Dereva wako hajasema uongo kuhusu kupaki. Sasa swali ni nani aliamsha gari saa saba usiku.

Dada wa Raskazone #10
Weeeh. Yaani mnamtoa mtu kwenye kosa la dakika hamsini mnamtia kwenye la saa saba usiku. Makubwa.

SukaWaTunduma #11
Mdigo umekuja kutetea au kuzika?

Mzigua wa Kabuku #12
Hapa hakuna fumbo. Saa saba usiku Segera, kilomita 31, mifuko 12. Kaenda kushusha kwa mteja wake karudi kalala. Kwa nini tunazunguka?

Kipanga wa Msata #13
@Mzigua wa Kabuku subiri. Mleta uzi, kwenye hiyo karatasi kati ya 22:12 na 22:51 kuna kusimama popote? Maana kushusha mifuko kumi na mbili si kupiga chafya, utafungua turubai, mtu apande, ashushe, mfunge tena. Dakika kumi zinakwenda.

Mwana Chumbageni #14
Hakuna. Ni mstari mmoja wa usukani, dakika 39 mfululizo, kisha kitanda mpaka 02:31.

Kipanga wa Msata #15
Ndio hapo sasa. Kilomita 31 kwa dakika 39 ni wastani wa kama 48 kwa saa. Lori la tani 30 usiku bila kusimama. Amekwenda na kurudi au amekwenda moja kwa moja? Asubuhi gari lilikuwa wapi? Huna GPS?

Mwana Chumbageni #16
GPS ipo ya kulipia kwa mwezi. Inaonyesha Segera saa 4:06 usiku, kisha kimya, inarudi saa 7:58 iko Segera pale pale. Katikati hakuna doa hata moja. Jamaa wa GPS wanasema gari likizimwa kifaa kinalala kubana chaji.

Fundi Ngamiani #17
Kinalala ndio, lakini swichi ikiwashwa kinatakiwa kiamke. Hakijaamka saa 7:12 kimeamka saa 7:58, dakika saba baada ya gari kusimama. Hapo kuna mtu kachomoa fyuzi akarudisha. Au mtandao. Mimi nasema fyuzi.

Mzigua wa Kabuku #18
Asante fundi. Nilisema.

Makorora Finest #19
Msikimbilie fyuzi. Kama gari halikuwashwa kabisa GPS ingefanya hivyo hivyo, ingelala. Labda ni takografu inayoota. Waya wa sensa ukichubuka ukigusa bodi unatoa mapigo ya uongo gari limesimama. Nimeshaona mshale wa spidi unacheza gari liko kwenye jeki.

Mdigo Ughaibuni #20
@Makorora Finest kwenye analogi za zamani zile za sahani ya karatasi yenye nta hilo lilikuwepo sana. Hizi za dijitali, zilizoanza kwenye magari mapya Ulaya 1 Mei 2006, sensa na kiredio vinaongea kwa siri, vimeoanishwa. Waya ukisumbua inaandika hitilafu. Mwenye uzi toa karatasi ya pili, ile ya matukio na hitilafu, utaiona kwenye menyu. Na huu ujanja wa sumaku nao ulikuwa hapo, madereva huku walikuwa wanabandika sumaku kwenye sensa kiredio kinajua gari limelala kumbe liko barabara kuu. Ndio maana zile zilizokuja kuanzia Juni 2019 zinalinganisha na setilaiti.

Dada wa Raskazone #21
Kumbe wizi wa kisasa ni wa kwao na sisi tunasingiziwa bure.

Mwana Chumbageni #22
Nimetoa. Imetoka karatasi nusu mita. Hitilafu tele, umeme kukatika, mwendo bila kadi mara chungu nzima, na ya sensa zipo pia ila si za usiku ule, za wiki ile ya giaboksi. Usiku ule umeandikwa "mwendo bila kadi" tu kama siku zote.

Makorora Finest #23
Kutokuwepo siku ile hakunithibitishii kitu. Sensa iliyosumbua wiki ya giaboksi itasumbua tena.

Mdigo Ughaibuni #24
Hiyo "bila kadi" ndio kiini. Kiredio chako kinalijua gari, hakimjui mtu. Huku dereva ana kadi yake nyeupe yenye picha, inadumu miaka mitano, ukiingiza kinajua ni wewe. Kampuni ina yake ya njano, karakana nyekundu, polisi ya buluu. Hapo Tanzania haitolewi kadi kwa sababu hatumo kwenye AETR, mkataba wa 1970 wa masaa ya madereva wa safari za kimataifa Ulaya, na saa ya ndani huwezi kuirekebisha kwa maana bila kadi ya karakana. Hata kipimo huku kinarudiwa kila baada ya miaka miwili, chako kimepimwa lini? Kuna stika mlangoni au kwenye kiti, soma.

Fundi Ngamiani #25
Stika iliyopo ni ya Uholanzi na inasema tairi size nyingine kabisa, nimeshafunga gari hilo mimi nalijua. @Mwana Chumbageni si ni lile jeupe lenye ubao wa Ya Rabi Toba?

Mwana Chumbageni #26
Fundi si kila kitu unaandika hadharani.

Mtoto wa Pangani #27
😂😂😂 Tanga ndogo hii jamani.

Kipanga wa Msata #28
Kuhusu saa: hata ikiwa saa imekosea, imekosea kwa vyote. Geti pasi imeshatuhakikishia iko sawa. Kuhusu tairi: itapotosha asilimia chache, 31 iwe 30 au 32. Giaboksi inaweza kupotosha sana, lakini basi ingepotosha pia safari ya Tanga Segera. Linganisha hiyo, kilomita za karatasi kati ya 17:20 na 19:02 na umbali wa kweli. Mwendo halisi wa saa saba utaupata kwa hesabu hiyo.

Mwana Chumbageni #29
Karatasi inaongeza kama kilomita nane juu ya inavyosema ramani. Sasa sijui ni giaboksi au alipita kwa mtu Muheza.

SukaWaTunduma #30
Mimi niseme yangu maana mmejaa matajiri humu. Miaka yote hii tunaendesha Dar Tunduma, Tunduma Lubumbashi, hakuna tajiri hata mmoja aliyewahi kuniuliza umelala masaa mangapi. Anauliza umefika wapi na mafuta yamebaki ngapi. Leo kimepatikana kiredio kinachojua kulala kwa mtu, mara ya kwanza kukitumia mnatafuta mifuko 12. Mdigo waambie huko kinafanya kazi gani.

Mdigo Ughaibuni #31
Huku ni hivi. Masaa manne na nusu ya usukani unasimama dakika 45, unaweza kuzigawa 15 kisha 30. Kwa siku masaa 9, mara mbili kwa wiki unaruhusiwa 10. Wiki isizidi 56, wiki mbili zisizidi 90. Kupumzika kwa siku masaa 11 ya kawaida. Na polisi akikusimamisha anataka rekodi zako za nyuma, zamani ilikuwa siku 28, tangu mwisho wa Desemba 2024 ni siku 56. Kwa hiyo bosi akikwambia ongeza mwendo ufike leo, unamwambia kadi yangu imejaa. Sheria yenyewe ya masaa ni ya Umoja wa Ulaya, namba 561 ya 2006.

SukaWaTunduma #32
"Kadi yangu imejaa." Naomba hilo neno nikalitumie kesho nione kama nitabaki na kazi.

Likoni Leo #33
Sisi huku Kenya sheria yasema masaa manane kwa siku ya masaa 24, iko kwenye Sheria ya Trafiki tangu marekebisho ya 2012. Lakini atakayehesabu ni nani? Nimevuka Lungalunga na madereva macho mekundu kama pilipili. Mzigo ndio wachungwa, kontena la transiti lafungwa sili ya elektroniki ya RECTS, mfumo wa kufuatilia mizigo ya transiti, likipinda njia simu yalia Nairobi. Dereva akipinda hakuna simu.

Mtoto wa Pangani #34
Mabasi yetu LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wameyafunga VTS, kifaa cha kufuatilia gari, na dereva ana kile kitufe cha kumtambua anagusisha kabla ya kuondoka. Hapo angalau anajulikana aliyeshika usukani. Malori ndio yamebaki ya mjomba.

Mzigua wa Kabuku #35
Turudi kwenye mifuko. Mleta uzi, kiwandani nani alihesabu 600?

Mwana Chumbageni #36
Delivari noti imeandikwa 600, dereva amesaini. Alihesabu? Anasema walipakia kuli wawili wa zamu mbili tofauti na yeye alikuwa dirishani anafuatilia makaratasi.

Mama Shehena #37
Nimekuwa kimya nasoma, mimi nafanya klirensi. Hapo ndipo ulipofia ndugu yangu, si Segera. Dereva akisaini mifuko 600 bila kuandika neno, umekubali ni 600. Hata kwenye CMR, mkataba wa Ulaya wa kubeba mizigo kwa barabara uliosainiwa Geneva 19 Mei 1956 iko hivyo, msafirishaji anatakiwa ahesabu vifurushi, akiwa na shaka aandike kwenye noti, asipoandika inachukuliwa vilikuwa kamili mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Inawezekana kabisa zilipakiwa 588 na mnamsulubu mtu kwa usiku wake wa Segera.

Dada wa Raskazone #38
Hapo sasa! Mie nilikuwa nangoja mtu aseme hivyo.

Mjuaji Mkuu #39
Suluhisho ni e-CMR, noti ya kielektroniki. Ilianza 2008 Ulaya nzima hakuna tena karatasi. Kila mfuko unapigwa skani. Na fidia ni 8.33 SDR kwa kilo. Mifuko 12 ni kilo 600, zidisha, SDR 4,998. SDR ni ile sarafu ya hesabu ya IMF, ni zaidi ya dola. Mleta uzi andaa milioni kadhaa.

Mama Shehena #40
@Mjuaji Mkuu taratibu usimuue mwenzio kwa presha. Protokali ya noti ya kielektroniki ilisainiwa 20 Februari 2008, imeanza nguvu 5 Juni 2011, na karatasi bado zipo tele. Haiskani mifuko pia, ni noti ile ile yenye mtumaji, msafirishaji, mpokeaji, idadi, uzito, na sahihi za kielektroniki zinazobaki na saa zake. Hiyo 8.33 ni kikomo cha juu. Unalipa thamani ya mzigo pale msafirishaji alipoupokea kuubeba, na mfuko wa simenti unajua bei yake. Afu CMR haituhusu, Tanzania si mwanachama.

Mjuaji Mkuu #41
Nilisema Ulaya, sikusema Tanzania.

Mdigo Ughaibuni #42
Anachosema mama ni kweli, nina wateja wawili kwenye simu na waliobaki bado nabeba karatasi nakala tatu, ya mtumaji, ya kwenda na mzigo, na ya msafirishaji. Ya simu uzuri wake ni ule wakati wa kupakia, mpokeaji anaona ulisaini saa ngapi na uliandika "sikuhesabu" au hukuandika. Kuna sheria nyingine ya Umoja wa Ulaya, eFTI, itakayolazimisha maofisa wapokee taarifa za kielektroniki kuanzia Julai 2027.

Mama Shehena #43
Na hapa kwetu hakuna kinachozuia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua rekodi na sahihi za kielektroniki. Ila ofisi nyingi bila muhuri wa wino hawakulipi, nimeona delivari noti imeloa mvua ya Mombo imebaki mhuri tu, ikalipwa. Iliyo safi bila mhuri ikarudishwa.

SukaWaTunduma #44
Mhuri una nguvu kuliko dereva.

Kipanga wa Msata #45
Mleta uzi, tiketi ya mizani unayo? Kilo 600 pungufu inaonekana kama uzito wa kutoka kiwandani upo. Huku kwetu Vigwaza gari linasomwa likiwa linatembea kabla hata hujaingia mzani wenyewe, namba zipo.

Mwana Chumbageni #46
Ya kiwandani ipo, ya njiani iko kwa dereva. Lakini mafuta alijaza Korogwe asubuhi, si yataingia kwenye uzito?

Fundi Ngamiani #47
Yataingia. Lita mia tatu ni kilo mia mbili na ushee. Toa risiti ya mafuta, piga hesabu. Bado kuna matope, tairi la akiba, na tumbo la utingo.

Mtoto wa Pangani #48
Umesema utingo. Mbona hatujamwongelea utingo? Saa saba usiku, dereva kalala fofofo kitanda cha nyuma, ufunguo uko pale. Kijana anajifunza gari! Dakika 39 bila kusimama, anaogopa kusimama maana hajui kuondoka na gia ya kwanza mlimani, kageuza sehemu karudi. Mimi nilijifunza hivyo hivyo, semi la tajiri, Mkata kwenda Kabuku.

Mzigua wa Kabuku #49
Na fyuzi ya GPS kaichomoa nani? Na dereva wa lori anayelala gari linatembea haamki?

SukaWaTunduma #50
Ukiwa umekaa macho siku mbili gari likitembea ndio unalala vizuri. Likisimama ndio unaamka. Ila Mtoto wa Pangani, kujifunza na tani 30? Mungu alikuokoa wewe.

Likoni Leo #51
Pengine yuko mtu aliugua parking wakamkimbiza. Binadamu wapo pia.

Mzigua wa Kabuku #52
Kumkimbiza mgonjwa na semi bila kusimama kumshusha? Alirukia?

Mdigo Ughaibuni #53
Kumshusha kunaweza kusionekane. Kiredio kinahesabu kwa dakika nzima, na dakika moja iliyobanwa na dakika mbili za mwendo inaandikwa mwendo. Na zile za kabla ya Oktoba 2011 gari likisogea sekunde chache tu dakika yote ni usukani. Mtu kuteremka, mfuko mmoja kurushwa, havitaonekana. Mifuko 12 siamini.

Mzigua wa Kabuku #54
Kuli wawili juu, mmoja chini, turubai limeshafunguliwa tangu parking. Mnawadharau watu wa usiku.

Mwana Chumbageni #55
Nashukuru wote. Dereva nimempigia, nimemwambia saa saba na dakika kumi na mbili, akanyamaza kidogo akasema "bosi mimi nililala, muulize Athumani". Utingo huyo simu haipatikani lakini kwao Duga nimeambiwa yupo, ana malaria.

Dada wa Raskazone #56
Malaria hiyo naijua.

Makorora Finest #57
Mtu kuumwa si ushahidi. Pima sensa kwanza. Kiinue kichwa, endesha kwenye jeki, kitikise waya, toa karatasi.

Mama Shehena #58
Na nenda kiwandani uombe hesabu ya stoo ya zamu ile. Wao nao wakihesabu mwisho wa siku wakakuta mifuko 12 imezidi, hamtasikia.

Mwana Chumbageni #59
Nimeomba. Wamesema niandike barua, iwe na mhuri.

SukaWaTunduma #60
😂😂

Ngoja Ngoja #61
Samahani kutoka nje ya mada, roli ya karatasi ya hicho kiredio inapatikana wapi? Mimi langu limeisha karatasi na sasa naona nililokuwa nalitupa ni mali.

Fundi Ngamiani #62
Chukua roli ya mashine ya risiti ya EFD, upana ni huo huo wa milimita 57. Ikiwa nene ipunguze mpaka droo ifunge. Na ukishatoa karatasi ipige picha siku hiyo hiyo, usiiache kwenye dashbodi, jua la Tanga siku mbili inakuwa nyeupe.